Mahamri na mbaazi: kuanza biashara Mombasa kwa pakiti moja ya unga

Ukitafuta biashara ambayo mtaji wake wote unabebeka kwenye kikapu kimoja, Mombasa ni vigumu kuipiku mahamri na mbaazi. Mteja haelezwi ni kitu gani, bei anaijua, na ikifika saa tatu asubuhi umeshajua umepata au umekosa. Ukali wake uko hapo hapo: chakula cha nazi hakingoji kesho. Wengi hufunga baada ya mwezi mmoja wakiwa na mahamri matamu kabisa. Walichokosa ni kujua pakiti moja ya unga inatoa mangapi.

Basi tuanze na hesabu, jiko baadaye.

Pakiti moja, mahamri themanini

Kipimo cha kuanzia ni pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 na mbaazi kavu kilo 1. Unga ukishatiwa sukari na tui ukakandwa, unafika kilo 3 na nusu. Ukigawa madonge 20 ya gramu 175, na kila donge ukalikata vipande vinne, unapata mahamri 80 ya gramu 44 hivi. Mbaazi kilo 1, zikiiva na kuungwa, ni kama kilo 3 na gramu 400, yaani sahani 20 za gramu 170, upawa mmoja mmoja.

Gharama za siku, kwa bei za mfano tu:

- unga kilo 2: 170
- sukari gramu 400: 60
- nazi 6 (tatu za unga, tatu za mbaazi): 240
- mbaazi kilo 1: 150
- hamira: 15
- iliki: 40
- mafuta yanayonyonywa, nusu lita: 125
- kitunguu, pilipili, bizari, chumvi: 40
- makaa: 100
- maji matamu, mitungi 3: 60
- karatasi za kufungia: 40

Jumla ni shilingi 1,040. Ukiuza hamri kwa 10 na sahani ya mbaazi kwa 30, na vyote vikaisha, unaingiza 1,400. Faida 360. Bei zako ziandike upya kutoka duka unalonunua wewe, maana nazi peke yake hupanda na kushuka mara kadhaa kwa mwaka.

Sasa ziangalie vizuri hizo 360. Yakibaki mahamri 20 na sahani 5 za mbaazi, umekosa 350, umeamka saa tisa za usiku kwa shilingi 10. Na ukikata kwa macho, hamri likatoka gramu 50 badala ya 44, pakiti ile ile inatoa 70 na shilingi 100 zimekwenda bila hata kuibiwa. Ndiyo maana chombo cha kwanza kununua ni mzani mdogo wa gramu, kabla ya karai. Watu humcheka anayepima donge la unga. Waache wacheke.

Hesabu inaanza kupendeza kwenye pakiti tatu na mbaazi kilo 3. Vitu vya kupikia vinazidishwa mara tatu, lakini makaa na maji hayazidi kwa kiasi hicho: ukitenga 200 za makaa na 120 za maji, gharama inakuwa 2,960 na mauzo 4,200. Zinabaki 1,240, na ndani yake utoe ujira wa msaidizi na kodi ya mahali. Ila usianzie hapo. Wiki mbili za mwanzo ni za kujifunza mtaa wako unakula kiasi gani, na somo hilo ni rahisi zaidi kwa pakiti moja.

Mahali

Simama pale unapotaka kuuza, asubuhi tatu, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo hadi saa tatu. Usihesabu wapitao wote. Hesabu waliobeba chakula mkononi na wanaosimama kununua chochote. Umati unaokimbilia feri Likoni ni mkubwa lakini una haraka, hauwezi kukaa kula sahani ya mbaazi. Huo ni wa mahamri makavu ya kufunga, chai labda. Mitaa ya makazi kama Majengo, Kisauni au Changamwe ni kinyume chake: wanatumwa watoto na bakuli, mahamri kumi na mbaazi za mia, na huyo mteja hurudi kila siku. Mji wa Kale una faida ya misikiti iliyo karibu karibu, watu wanatoka swala ya alfajiri wakiwa na njaa, ila utakuta kila kichochoro kina mwenyewe. Usitandike meza mlango wa pili na anayeuza kitu hicho hicho. Sogea nyumba kumi, na adabu itakulipa.

Anayeuza kwenye baraza ya kwao hana kodi ya mahali, na kwa pakiti moja hiyo ndiyo njia pekee yenye maana.

Nazi na tui

Nazi ndiyo gharama kubwa kuliko zote hapo juu, kwa hivyo jifunze kuichagua. Itikise sikioni: maji yacheze, yasikike mepesi na ya wazi. Isiyo na sauti kabisa huenda imepasuka na kukauka, au imeota. Bonyeza yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, imeoza ndani. Koroma (nazi ambayo haijakomaa vizuri) hupendeza kwa bei lakini tui lake ni jepesi, utatumia nne mahali pa tatu. Anayekuna nyingi kwa siku anunue kwa wingi soko la Kongowea, na kwa pakiti moja za dukani karibu na nyumbani zinatosha. Nauli isile faida.

Ikune nazi kwenye mbuzi mpaka ukaribie kifuu, uache kabla machicha hayajaanza kuwa ya kahawia, kwani hayo hufanya tui lichafuke rangi. Nazi tatu za unga, zitie maji ya vuguvugu kiasi cha lita moja, fikicha, kamua kwenye kifumbu au chujio la kitambaa. Unatafuta tui la lita moja na kidogo. Nazi tatu za mbaazi zikamue mara mbili: tui zito la kwanza kama mililita 500 liweke kando, la pili jepesi mililita 700. Vifuu usitupe, vinawasha makaa kuliko karatasi yoyote. Machicha yana mteja wake, mwenye kuku.

Tui lililokamuliwa usiku likaachwa mezani halifiki asubuhi. Kama huna friji, zikune nazi alfajiri.

Unga

Kwa kilo 2 za unga: sukari gramu 400, iliki iliyotwangwa upya vijiko viwili vya chai, mafuta vijiko vinne vya chakula, tui lita moja na kidogo, chumvi kidole. Iliki ya unga ya pakiti hupoteza harufu haraka kwa joto la pwani. Nunua punje, twanga mwenyewe.

Hamira inategemea saa. Unaokanda saa tisa za usiku ili ukaange saa kumi na moja, tia vijiko vinne vya chai vya hamira ya chenga, vilivyosawazishwa. Unaokanda usiku na kuulaza mpaka alfajiri, kijiko kimoja tu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatia kipimo kile kile, wanalala, wakiamka unga umemwagika kwenye beseni na unanuka pombe. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, usiku wenyewe una joto la kutosha kuumua unga kwa saa moja tu. Julai na Agosti kusi ikivuma, uache saa moja na nusu au zaidi. Kwa hivyo usiangalie saa, angalia beseni. Umezidi mara mbili, ukibonyeza kidole kishimo kinarudi polepole, tayari.

Tui liwe vuguvugu la kuweza kuchovya kidole bila kushtuka. La moto linaua hamira, na hakuna unachoweza kufanya tena na unga huo ila chapati. Tia tui kidogo kidogo, ukianza na robo tatu, maana unga wa viwanda tofauti hunywa tofauti. Kanda dakika 15 kwa mikono mpaka unga uwe laini na uache kunata kwenye beseni. Uliokandwa kivivu hupasuka unaposukumwa, na uliopasuka haufuri.

Gawa madonge, yafunike kwa kitambaa chenye unyevu, kisha sukuma kila moja duara lenye unene wa nusu sentimita. Chini ya hapo hamri linakuwa kavu kama papadi. Likipita milimita nane, linakuwa mkate wenye kiini kibichi. Kata msalaba kwa kisu kikali, ukikibonyeza chini moja kwa moja. Kisu kikiburutwa, kingo zinafunguka na mvuke unapata mlango wa kutokea, na mvuke ule uliofungiwa ndani ndio unaofanya hamri lifure. Vipande vilivyokatwa vipumzike dakika 10 hadi 15. Vikikaa nusu saa kwenye joto, vinaumuka kupita kiasi, vikiingia karaini vinanyonya mafuta kama sifongo.

Unga wa kunyunyizia ubaoni uwe kiduchu. Ule unaobaki kwenye mahamri huangukia mafuta, unaungua chini, na kundi la nne linatoka na madoa meusi na uchungu.

Karaini

Karai la kipenyo cha sentimita 45 na mafuta lita 3, kina kiwe kama sentimita tano katikati. Kujua joto bila kipimajoto: tupa kijipande cha unga cha ukubwa wa mbaazi. Kikizama kikakaa, bado. Kikipanda mara moja na vipovu vikakizunguka, kikaanza rangi baada ya kama nusu dakika, ndiyo hapo. Kikigeuka kahawia ukiwa bado hujarudisha mkono, ondoa makaa.

Tia manane kwa mara moja. Yakielea, yamwagie mafuta ya moto juu kwa upawa, hasa katikati. Ngozi ya juu inashikana na hamri linajaa kama puto mbele ya macho yako. Geuza mara moja, mpaka rangi ya asali iliyokolea, jumla kama dakika mbili. Themanini yanamalizika kwa nusu saa ukiwa na msaidizi wa kusukuma. Chuja kwenye kung'uto yakiwa yamesimama wima, mafuta yashuke. Kisha kwenye kikapu chini ya kawa. Usiyafungie kwenye hotipoti yakiwa ya moto moto: mvuke unarudi kuwa maji na mahamri yanalegea.

Mafuta yachuje kila siku yakipoa, ongeza mapya nusu lita. Yakianza kutoa povu lisiloisha, au moshi kabla hayajapata moto, yamekwisha. Gharama ya kuyabadilisha iingize kwenye daftari, isije ikakushtua kila baada ya siku chache.

Mbaazi na maji

Loweka mbaazi baada ya alasiri, maji yawe mara tatu ya mbaazi, ubadilishe kabla ya kulala. Zikizidi saa 12 kwenye joto la Mombasa maji hutoa povu na harufu, na harufu hiyo haiondoki kwa viungo.

Sasa la maji. Ukichemsha kwa maji ya kisima mbaazi zinaweza kukaa saa tatu motoni zikiwa bado ngumu, na lawama zikaenda kwa mwenye duka. Maji ya visima vingi vya kisiwani yamejaa chumvi na madini ya chokaa, na chokaa hiyo hukaza ngozi ya kunde za aina zote. Nunua maji matamu ya mkokoteni kwa ajili ya sufuria hii hata kama vyombo unaosha kwa kisima. Mitungi ikipanda bei wakati wa uhaba, ni bora upunguze mbaazi siku hiyo kuliko kutumia maji ya chumvi. Mbaazi za msimu uliopita nazo hazilainiki hata kwa maji ya mvua. Uliza zimekaa muda gani, na pika kikombe kimoja cha majaribio kabla ya kununua gunia.

Saa tisa za usiku zibandike, zifunikwe, saa moja na nusu. Ya kupima ni kuminya moja kwa vidole viwili: inapondeka bila kiini. Mwaga maji yaliyobaki, tia tui jepesi, kitunguu, bizari ya manjano, pilipili nzima isiyopasuliwa, na chumvi. Zikishanyonya, punguza moto, tia tui zito na ukoroge upande mmoja bila kuondoka mpaka lichemke. Usifunike. Tui linalochemka kwa fujo bila mwiko hukatika, mafuta yanaelea juu na chini kunabaki maji, na mteja wa Mombasa ataliona kabla hajakaa.

Mbaazi zibaki motoni, makaa machache, muda wote wa kuuza. Zilizoachwa zipoe mezani tangu alfajiri, saa nne usimuuzie mtu. Zikibaki, zile nyumbani au uwape majirani zingali nzuri. Kuzichemsha na kuziuza kesho ni kufunga biashara kwa mkono wako. Mahamri yaliyobaki yana nafuu, yanauzika jioni kwa chai kwa bei ya kutupa.

Vibali

Kaunti ya Mombasa hutoza leseni ya biashara ya kila mwaka, na anayeuza chakula huhitaji pia kibali cha afya cha mahali anapopikia. Kila anayeshika chakula, pamoja na yule msaidizi wa kusukuma, apimwe na awe na cheti cha afya, ambacho hurudiwa kila miezi sita. Weka ndoo yenye bomba na sabuni mahali mteja anaiona. Bwana afya huitafuta kwanza, na mteja vilevile.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, basi funga kwa karatasi ya kaki. Magazeti yaache, wino wake huyeyuka kwenye mafuta ya moto. Mbaazi za kubeba, mteja aje na bakuli lake. Ukimpa kopo, uliuze.

Kodi: ukiuza chini ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka hulipi ile kodi ya mauzo inayoitwa TOT. Kuanzia hapo hadi 25,000,000 ni asilimia 3 ya mauzo tangu Julai 2023, na hulipwa si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Usidhani wewe ni mdogo mno. Pakiti tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 109,200, na kwa mwaka 1,310,400. Umeshavuka. Fahamu pia kwamba ni asilimia ya mauzo, faida haiangaliwi, kwa hiyo 3,276 za mwezi ziwe ndani ya bei yako tangu mwanzo.

Pesa na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mistari minne linatosha: nimenunua, nimeuza, kimebaki, nadai. Andika kabla ya kuosha karai, maana ukishalala hutakumbuka.

Malipo ya simu yaingie kwenye laini au Pochi la Biashara (huduma ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara ndogo) lililo mbali na pesa zako za nyumbani. Zikichanganyika, ada ya shule itatoka kwenye unga wa kesho na hutaona ilipotokea. Jilipe wewe mwenyewe kiasi maalumu, kila Ijumaa tuseme, na zilizobaki zisiguswe.

Mkopo wa Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ni kati ya shilingi 500 na 50,000 kulingana na kiwango chako, riba asilimia 8 kwa mwaka, na unarudishwa ndani ya siku 14. Unafaa kununulia unga na nazi, vitu vinavyogeuka pesa siku hiyo hiyo. Kwa karai, meza na sufuria tumia akiba au zamu yako ya chama cha kuchangiana, kwani karai halitazaa pesa yake kwa siku 14.

Na deni la wateja. "Mama, niandikie hapo, nitapita jioni." Huyo atapita, mara ya kwanza. Weka kikomo kinachojulikana, shilingi 100 kwa mtu, asipewe tena mpaka alipe, na kisiwe na shemeji wala jirani. Kwa faida ya 360, wateja wanne wa deni la mia wamekula siku yako nzima.

Ramadhani

Mwezi wa Ramadhani asubuhi haina kazi. Geuza saa: loweka mbaazi alfajiri, kanda saa nane mchana, anza kukaanga saa kumi alasiri ili uuze mpaka adhana ya magharibi. Mahitaji huongezeka sana, na mtu anayenunua mahamri atatafuta pia kaimati, sambusa na viazi vya karai, kwa hiyo ongeza kimoja tu unachokijua. Nunua mbaazi na iliki wiki mbili kabla mwezi haujaandama, zote hupanda. Muda wa kuuza ni saa mbili tu, hivyo mahamri ya kwanza yawe yameshakatwa na makarai mawili yawe moto kabla foleni haijaanza.

Kuongeza kipimo, subiri uishiwe siku sita mfululizo kabla ya saa tatu asubuhi, kisha ongeza pakiti moja. Msaidizi aajiriwe kwenye pakiti ya tatu, na siku ya kwanza asimame kwenye mzani, akate madonge 60, kila moja gramu 175.